Kadi Ishirini na Mbili

Tulihamia Lushoto tukiwa na vitu vinne vya kutunza: kitanda, cherehani ya mke wangu, mashine ya kuandikia, na ahadi niliyompa binti yangu. Vitu vitatu vya kwanza vilifika salama.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya umma yalipokuwa yakipata wenye mali wapya. Shamba letu la chai, upande wa Amani, nalo lilipata mwenye mali wake, naye akaona kwamba karani wa vipimo hahitajiki tena. Kazi yangu ilikuwa kupima kwa hatua vipande vya shamba ambavyo wachumaji wangegawiwa asubuhi. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha upimaji kisicho na jalada nilichookota nyuma ya ofisi pamoja na kamusi ya kuazima. Hatua yangu moja niliijua kwa urefu, kwenye tambarare na kwenye mteremko. Siku ya kuondoka nilipewa mashine ya kuandikia iliyokuwa imevunjika mguu mmoja. Niliuwekea kipande cha mbao, na ukatulia kuliko ile mitatu mingine.

Mke wangu ni Mbondei wa Muheza, na alisema Lushoto kutafaa. Kule mboga zinalimwa mwaka mzima, biashara imefunguliwa, na mtu anaweza kuuza mbegu za karoti na kabichi bila kuomba ruhusa ofisi sita. Nilikubaliana naye. Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, hakukubali. Alikuwa amebakiza miezi minane amalize mafundisho ya kipaimara pamoja na wenzake wa shambani.

“Huko nani atanijua?” aliuliza. “Nitasimama mbele ya kanisa la watu, nitaungama imani, halafu turudi nyumbani tule ugali watatu.”

Nikamwahidi kwamba sherehe yake itakuwa kubwa kama ambavyo ingekuwa kule. Nilimwambia kabisa: “Kama uani hakutajaa watu, nidai.”

Basi, lori tulilokodi likateremka hadi Muheza, likashika barabara kuu hadi Mombo, likaanza kupanda. Soni tulisimama, na binti akanunuliwa mafyulisi. Alikula yote akiangalia nyuma.

Tulipanga nyumba juu ya mji, kwenye njia ya kwenda Irente. Nyumba za huko hazikai kwa mstari kama laini zetu, nyumba za wafanyakazi kule shambani. Moja iko juu ya kichwa chako, nyingine chini ya miguu yako, na ya tatu unaiona waziwazi ng'ambo ya bonde, ila kuifikia ni nusu saa. Mke wangu Kibondei chake kilimtosha. Kinakaribiana sana na Kishambaa, na katika wiki ya kwanza alikuwa tayari anataniwa na kujibu. Mimi, ambaye wazazi wangu walitoka Njombe, nilikuwa na Kiswahili changu na shikamoo.

Nilichokuwa nacho zaidi ni Jumamosi. Duka letu la mbegu nililishika mimi hadi Ijumaa, mke wangu akalishika Jumamosi baada ya shughuli zake, na mimi na binti tukatembea. Ilianza kama njia ya kumwondolea ukiwa. Tulikwenda Magamba msituni, tukashuka kwenye mito, tukapanda miamba. Mimi nilihesabu hatua na kuandika kwenye daftari, yeye aliokota majani na kunikatiza hesabu kwa makusudi.

“Mia nne na kumi na...”

“Baba, yule ndege ana mkia mrefu kuliko mwili!”

“Mia nne na ngapi?”

“Mia sita,” alinijibu, na tukacheka, na nikarudi nyuma hadi kwenye jiwe la mwisho nililolikumbuka.

Watu walituona. Jirani yetu wa karibu, bibi mjane ambaye ua wake na wetu vilitenganishwa na mstari wa magimbi, alizoea kuniuliza kila nilipopita, “Mzee wa hatua, leo zimefika ngapi?” Nilimwamkia, nikamtajia idadi kamili, akashika kiuno na kucheka. Niliona tunaelewana vizuri.

Kila baada ya wiki chache kulikuwa na shughuli mtaani: ubatizo, harusi, mtoto kumaliza shule. Jumamosi mke wangu alichukua kisu na kanga akaenda. Sisi tulichukua maji na mihogo ya kuchemsha tukaenda zetu Magamba. Jumapili nilivaa shati safi nikaenda kula pamoja na watu. Kwa hiyo shughuli za Lushoto nilizifahamu vema, lakini kwa upande wa sahani tu.

Kipaimara kilipobakiza wiki mbili, nilikaa mezani na kupanga. Kule shambani mambo yalikuwa mepesi: mnyapara alitangaza asubuhi kabla ya kazi, na laini nzima ikaja, kwa kuwa laini nzima ilikuwa pua kwa pua. Hapa hakuna mnyapara. Nikaamua kuandika kadi. Nilinunua karatasi ngumu, nikazikata kwa rula, nikakaa kwenye mashine ya kuandikia jioni tatu mfululizo. Kadi ishirini na mbili, moja kwa kila nyumba. Sikutumia kaboni, kila moja niliichapa upya, ili herufi ziwe nyeusi sawasawa. Ilisema familia yetu inamkaribisha mhusika kuwa mgeni wake katika chakula cha mchana baada ya kipaimara cha binti yetu, Jumapili, saa saba kamili. Chini nikaongeza: Tafadhali zingatia muda.

“Kadi za nini?” mke wangu aliuliza. “Si niwaambie tu tunapoteka maji?”

“Huu ni mji,” nilisema.

Aliichukua moja akaisoma, akaona jinsi jina lake mwenyewe lilivyokaa katikati bila kupinda hata kidogo. Akairudisha kwenye rundo. Baadaye alikiri kwamba ilimpendeza.

Binti alizigawa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akiwa amevaa sare ya shule ili aonekane rasmi. Alirudi anang'aa. “Wote wamepokea kwa mikono miwili,” alisema.

Jumamosi ya mkesha ilifika. Niliandika ratiba nikaibandika mlangoni: saa tatu akina mama wanafika; saa nne ndizi na viazi; saa nane mbuzi anachinjwa. Mbuzi angechinjwa na fundi cherehani wa chini ya barabara, ambaye ni Mwislamu, ili majirani wa dini zote wale bila wasiwasi. Kwa kuwa kazi hizo zote zilikuwa na wenyewe, mimi na binti tulitoka mapema kutafuta mapambo. Tulikwenda hadi ukingo wa msitu, tukakata majani ya kuning'iniza ukutani, tukarudi tukiimba. Ilikuwa karibu saa saba.

Kutoka kona ya mwisho ungetegemea kuona moshi. Sikuona moshi. Nilihesabu hatua sitini zaidi, hadi uani.

Mke wangu alikuwa amekaa peke yake kwenye kigoda. Mbele yake kulikuwa na mikungu sita ya ndizi, gunia la viazi, mchele ambao haujachambuliwa, na kisu kimoja. Karai lililokuwa miguuni mwake lilikuwa na ndizi ambazo zingetosha kifungua kinywa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mpera, anatafuna majani ya mgomba kwa raha zake, kama mtu aliyepewa likizo.

“Wako wapi?” niliuliza.

“Soma ratiba yako,” mke wangu alisema bila kuinua kichwa. “Labda imeandikwa.”

“Hakuja hata mmoja?”

“Wamepita. Wamesalimia. Mmoja amesema, 'Jirani, tutaonana kesho.' Nimemenya viazi kwenye nyumba zao nne. Sijui nimewakosea nini.”

Binti aliweka majani chini polepole. Aliutazama ule ua. Masufuria makubwa hatukuwa nayo. Masufuria makubwa huwa yanakuja na wenyewe. Kuni zilikuwa za kupikia chai.

“Kule kwetu saa hizi wangekuwa wameshafika,” alisema. Kisha akasema, bila kununa, na hilo ndilo lililoniuma: “Baba, si lazima. Kesho naweza kukaa benchi la nyuma, tukitoka tunakuja moja kwa moja nyumbani. Watakaokuja tuwaambie mama anaumwa.”

Niliruka mstari wa magimbi. Bibi mjane alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mzee wa hatua. Umekuja kunikumbusha? Sijasahau.” Alichomoa kadi yangu chini ya ungo, akaifuta vumbi. “Mjukuu amenisomea mara mbili. Kesho, saa saba kamili. Nizingatie muda. Nitazingatia.”

“Bibi, na leo?”

“Leo kuna nini?”

“Kumenya. Kupika. Mke wangu yuko peke yake.”

Aliinyoosha kadi mbele yangu. “Hii imesema mimi ni nani?”

“Mgeni wetu.”

“Umeona sasa? Mgeni anakwenda na kisu? Mgeni anakwenda na gauni la kanisani, anakaa, anapakuliwa.” Alinyoosha kidole kwenye kamba, na kweli gauni lilikuwa limeanikwa, la bluu, lina kola. “Mtu akifika kwangu akaniambia kwa mdomo, 'Jirani, nina shughuli,' hapo najua ninaitwa kazini. Ni msaragambo huo, kazi ya wote, nabeba sufuria langu naenda. Wewe umeniletea karatasi yenye saa. Tukasema, haya, wametoka kwa wazungu wa chai, wana wapishi wao. Tukienda kabla ya muda tutaonekana tumefuata nyama.”

“Hatuna wapishi.”

“Nimewaona hawapo tangu asubuhi. Nimekaa hapa namhurumia mkeo mpaka maharage yameniisha.”

“Sasa nifanyeje, bibi?”

“Kachukue kadi zako,” alisema, akanikabidhi ya kwake. Kisha akaingia ndani, na nilisikia sufuria likiburutwa sakafuni.

Nilirudi nikachukua daftari. Nyumba ishirini na moja, zimetawanyika pande mbili za bonde. Nilianza kuchora mzunguko utakaotuepusha kupanda mlima mara mbili. Binti alininyang'anya penseli.

“Baba, leo usipime. Tukimbie.”

Tulikimbia. Hapo ndipo zile Jumamosi zilipotufaa, kwa maana njia tulizijua: ya nyuma ya miti ya mapeasi, ya mfereji, na ile ya mbuzi ambayo watu wazima hawaipiti. Aliyesema ni binti, mlangoni kwa kila mtu, akihema. “Shikamoo mama, baba amekosea, naomba kadi, mama yuko peke yake na ndizi.” Alianza kwa aibu. Kufikia nyumba ya tatu aliyasema kwa pumzi moja, kama aya ya katekisimu.

Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi kanzu. “Mimi nilikuwa nimenoa kisu tangu juzi,” alisema, “halafu nikaletewa kadi. Nikasema, kumbe kachukua mchinjaji wa Soni.” Aliacha pasi juu ya kigae, akatutangulia.

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alinikemea bila kuficha. “Nilishaanza kununa! Mkeo kamenya viazi kwangu mpaka vidole vimekuwa vyeusi, leo ananitumia karatasi kama mwenye deni la kodi!”

“Ni mimi niliyeandika,” nilisema.

“Najua ni wewe. Mwanamke hawezi kufanya ujinga ulionyooka hivyo.” Na akacheka, na binti yangu akacheka, na mimi nikapokea kadi ya tano.

Tulipofika ya tisa, yule mama wa nyumba hiyo hakutusikiliza hadi mwisho. Alitoka ukingoni mwa shamba lake la kabichi, akaweka mikono mdomoni na kupiga kelele kwa Kishambaa kuelekea ng'ambo ya bonde. Sauti ilikwenda, ikatulia, kisha mtu asiyeonekana akajibu. Halafu mwingine, juu zaidi. Nilielewa neno moja tu, “kadi”, na baada ya kila neno hilo kulikuwa na vicheko.

Nyumba ya kumi tulikuta mlango umefungwa. Ya kumi na moja pia. Kutoka kwenye mfereji tuliwaona akina mama wakiteremka kwa njia ya upande wa pili, mmoja ana sufuria kichwani lililogeuzwa kama kofia, mwingine ana mzigo wa kuni. Sauti ilikuwa imetupita. Mimi niliyeyajua mabonde yale kwa hatua sikuwahi kufikiri kwamba yangeweza kuvukwa namna hiyo.

Binti alisimama akawatazama. Aliwahesabu kwa kidole, kimya kimya, tabia niliyodhani haipendi.

Ilibaki nyumba moja tu ambayo kelele hazifiki, nyuma ya kilele, kwa mzee aliyekuwa mlinzi wa msitu, aliyestaafu na kuishi peke yake. Masikio yake yalikuwa yamechoka. Tulimkuta anachonga mpini wa jembe. Binti alimwamkia, akamweleza yote kwa sauti kubwa.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Kadi yangu ilikuwa imechomekwa ukutani juu ya mlango, kwa msumari mpya.

“Hapana,” alisema. “Siirudishi.”

“Mzee, tulikosea...”

“Nimefanya kazi serikalini miaka mingi, mwanangu. Karatasi zote nilizoandikiwa zilikuwa za kuniita nikajieleze. Mti umekatwa, uko wapi? Moto umewaka, ulikuwa wapi? Hii ndiyo ya kwanza inayoniita nikale.” Alimtazama binti. “Imesema saa saba?”

“Saa saba kamili, babu.”

“Nitakuwapo. Na nikae kiti chenye mgongo.”

“Utakaa cha baba,” binti alimwambia, bila kuniuliza.

Tuliporudi jua lilikuwa bado halijashuka nyuma ya mlima. Moshi tuliuona kutoka kona ya mwisho, na sauti tulizisikia kabla ya moshi. Ua ulikuwa umejaa. Majiko matano ya mafiga yalikuwa yamepangwa, ndizi zilikuwa zimemenywa na kulala kwenye maji, na mbuzi alikuwa amemaliza likizo yake. Bibi mjane, bila gauni la bluu, alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mke wangu akiamuru watu. Kadi ambazo akina mama walikuja nazo hazikuonekana.

“Karatasi nzuri sana,” aliniambia. “Inashika moto haraka.”

Nilimpa na zile tisa nilizozibeba. Kisha akanikabidhi kisu na karai la viazi, akanionyesha mahali pa kukaa, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na mke wangu.

“Menya nyembamba,” mke wangu alisema. “Usipime.”

Binti yangu hakukaa. Alikuwa anazunguka kati ya mafiga akipokea amri za watu ambao asubuhi alikuwa hawajui vizuri, na wao walimwita kwa jina, kila mmoja kwa lafudhi yake.

Siku ya Jumapili alikaa benchi la mbele. Saa saba kamili, watu wote wakiwa bado wanahangaika na masufuria, mzee wa msitu aliingia uani akiwa na koti, kofia mkononi na kadi mfukoni, imejitokeza nusu. Alikuwa mgeni wetu mmoja tu. Alikaa kwenye kiti changu, akapakuliwa wa kwanza, na hakuna mtu aliyemwambia asaidie chochote. Mimi nilikula nimesimama, nikiwa nimeshika mwiko wa pilau. Baada ya kula alinieleza kwamba ametuona mara nyingi msituni, na kwamba kuna njia ya zamani ya doria ambayo hatujaigundua. Angetuonyesha Jumamosi.

“Jumamosi ijayo kuna harusi kwa fundi,” nilisema. “Nimeambiwa nije na kisu. Labda Jumamosi ya pili yake.”

“Njia haiendi popote,” alisema, na akaomba tena nyama.

Jumatatu ilikuwa siku ya zawadi ya binti. Alikuwa ameomba kitu kimoja: twende Irente, kwenye ukingo, ambako siku zote ukungu ulitukatalia. Siku hiyo ukungu haukuwapo. Tulikaa juu ya mwamba na miguu ikining'inia, na chini yetu kulikuwa na Mazinde yote, mapaa yake yanameta, na barabara kuu tuliyokuja nayo ikiwa nyembamba kama uzi. Nilimwonyesha upande ambao lori letu lilitokea. Alitazama kidogo. Nilisubiri aniulize ni hatua ngapi hadi kule, na nilikuwa na makisio tayari.

“Baba, tusikae sana,” alisema. “Nyumbani kuna masufuria ya watu.”

Nilifungua daftari, ambamo nilikuwa nimeorodhesha sufuria la nani ni lipi, lenye kovu, lenye mpini uliolegea, lenye alama ya rangi. Hakulihitaji. Alianza kunitajia, kutoka nyumba ya chini hadi ya juu, na katika kila moja aliongeza kitu tutakachotia ndani ili lisirudi tupu: viazi kwa bibi, ndizi kwa mama mwenye mtoto, pilau iliyobaki kwa fundi. Alipofika la kumi na mbili alikuwa ameshasimama na kukung'uta gauni.